Kuingia jangwa la Namib kwa gari: maji, hewa ya matairi na umbali usio na watu

Wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaijua Walvis Bay, Namibia, kama bandari. Meli inashusha gari la mtumba, shofera anakwenda kulichukua, anapanda nalo kupitia Grootfontein, Rundu na Katima Mulilo, anavuka Zambezi kuingia Sesheke, kisha Livingstone, Lusaka, Copperbelt, hadi Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia na Kongo. Ni safari ya karibu kilomita 2,500, na tangu daraja la Sesheke lilipofunguliwa mwaka 2004 hakuna tena kungoja kivuko. Karibu njia yote ina lami. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda na kurudi miaka mingi akiamini ameliona jangwa, kumbe amelikata kwa lami tu, kwenye kipande cha mwisho kati ya Usakos na bahari.

Anayetaka kuingia Namib yenyewe kama mgeni, kwenda Sossusvlei kutazama matuta ya mchanga mwekundu au kufuata pwani hadi Skeleton Coast, huuliza kwanza habari za gari: je, Prado iliyozoea njia ya Kasenga wakati wa mvua itaweza? Itaweza. Shida iko kwa dereva, kwa sababu dereva wa Katanga amelelewa na njia zenye watu. Gari likizima kati ya Likasi na Kolwezi, hujamaliza kufungua boneti na tayari mtu amesimama kando: kijana wa pikipiki atakayekwenda kuita fundi, mama mwenye maji ya kuuza, kwado, yaani fundi wa matairi, mwenye pampu chini ya mwembe. Namibia ina kilomita za mraba zipatazo 825,000, na sensa ya mwaka 2023 ilihesabu watu milioni 3 na kidogo. Hao ni chini ya watu wanne kwa kilomita moja ya mraba, na wengi wao wanaishi kaskazini, mbali na jangwa. Ukiharibikiwa kwenye njia ya pembeni unaweza kukaa mpaka kesho yake bila kuona gari lingine. Maji ya yule mama, pampu ya kwado na miguu ya yule kijana, vyote lazima viwe ndani ya gari lako kabla hujaondoka mjini.

Jangwa lenye baridi upande mmoja

Namib ni ukanda mwembamba wa pwani, wa karibu kilomita 2,000, kutoka kusini mwa Angola, kupitia Namibia yote, hadi kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini. Ukame wake unatoka baharini. Mkondo wa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini, maji hayo yanaipoza hewa iliyo juu yake, na hewa baridi ni nzito, haipandi kutengeneza mawingu ya mvua. Mvua inayotoka upande wa Bahari ya Hindi nayo inakuwa imekwisha njiani kabla ya kufika huku. Lubumbashi hupata milimita 1,200 hivi za mvua kwa mwaka. Sehemu za pwani ya Namib hazifikishi 20. Kinachofika ni ukungu. Unaingia usiku kutoka baharini, mara nyingine hadi kilomita mia moja ndani ya nchi, na mimea na wadudu wengi wanaishi kwa huo peke yake. Kuna mbawakawa ambaye alfajiri husimama kichwa chini juu ya ukingo wa tuta, ukungu unaganda mgongoni mwake na matone yanateremka hadi mdomoni.

Kwa msafiri, maana ya haya yote ni kwamba hali ya hewa ya pwani humdanganya. Asubuhi Swakopmund inaweza kuwa na nyuzi 14, watu wamevaa makoti, barabara imelowa. Unaondoka na chupa mbili za maji kwa sababu huna kiu. Saa mbili baadaye, kilomita 120 ndani ya nchi, ni nyuzi 38 na hakuna duka. Hesabu ya maji ipigwe kwa kufuata unakokwenda, wala si pale ulipo wakati wa kupakia.

Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba. Mchana unavumilika, lakini usiku wa Juni na Julai bara unaweza kushuka karibu na sifuri, baridi kuliko ile ya Lubumbashi miezi hiyohiyo, na hema jepesi peke yake halitoshi. Kati ya Novemba na Februari joto la bara hupita nyuzi 40. Ukilazimika kusafiri wakati huo, shughuli za miguu ziishe kabla ya saa nne asubuhi.

Hesabu ya maji

Huku kwetu wakati wa mvua shati hulowa jasho na mtu anajua kwamba anapoteza maji. Jangwani hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka linapotoka tu. Ngozi inabaki kavu, shati linabaki kavu, na dalili pekee ni mistari myeupe ya chumvi mgongoni na makwapani. Mtu anayepanda tuta la mchanga kwenye joto la nyuzi 38 anaweza kupoteza lita moja kwa saa, na zaidi. Mwenye uzito wa kilo 70 akipoteza lita moja na nusu tayari nguvu zinapungua, na akili inaanza kuchoka kabla yeye mwenyewe hajatambua. Hilo la akili ndilo la kuogopa, maana maamuzi mabaya ya jangwani hufanywa na watu wenye kiu ambao hawajui kwamba wana kiu.

Weka lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa kila siku, na lita mbili za kupika na kunawa. Watu wanne kwa siku tatu: kunywa lita 60, matumizi mengine lita 24. Ongeza akiba ya siku mbili ya kunywa peke yake, yaani lita 40. Jumla ni lita 124. Akiba hiyo si maji ya kuogea siku ya mwisho mkiona yamebaki. Mnarudi nayo mjini ikiwa imefungwa, na hapo ndipo mnajua safari ilipangwa vizuri. Chakula nacho kiingie kwenye hesabu. Bukari (ugali) ya watu wanne inakula lita moja na nusu hadi mbili za maji, na sufuria yake inadai maji mengine ya kuosha. Watu wa Katanga hawawezi kukaa siku tatu bila bukari, basi ipikwe mara moja kwa siku, jioni, na sufuria isuguliwe kwanza kwa mchanga mkavu kabla ya kugusa maji.

Namna ya kuyabeba ina uzito sawa na kiasi chake. Usiweke yote kwenye pipa moja. Bidoni nne za lita 20 na tisa za lita 5 zinatosha kwa hesabu ya hapo juu, na moja ikipasuka hamjapoteza safari. Zinazopasuka hupasuka kwa sababu moja karibu kila mara: njia yenye mawimbi, yaani vituta vidogo mfululizo, inaisugua plastiki juu ya bati la gari kilomita baada ya kilomita, mpaka pembe ya chini inatoboka, na maji yanavuja polepole chini ya mizigo bila mtu kuona. Tandika mkeka au blanketi chini yake, funga bidoni kwa mikanda zisicheze, na kila mnaposimama pitisha mkono chini yake. Bidoni ya mafuta ya kula iliyooshwa inafaa. Iliyowahi kubeba mazutu (dizeli) au esanse (petroli) haifai hata ukiiosha kwa wiki nzima. Fungueni bidoni moja, imalizeni, ndipo mfungue nyingine. Hivyo kila jioni mnajua mmekunywa kiasi gani.

Kunywa ni kidogo kidogo na mara nyingi, pamoja na chumvi. Anayekunywa maji matupu lita nane kwa siku huku akitoka jasho anaipunguza chumvi ya damu, na dalili zake zinafanana na za kiu: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Wenzake wanamwongezea maji na hali inazidi kuwa mbaya. Chakula chenye chumvi kinatosha kwa siku ya kawaida. Kwa aliyeishiwa nguvu, tengeneza maji yaleyale anayopewa mtoto anayehara: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Rangi ya mkojo ni kipimo kizuri kuliko mdomo mkavu. Ukiwa njano hafifu uko salama. Ukiwa kama chai ya rangi umechelewa. Bia isubiri mpaka mjini, kwa sababu inatoa maji mengi mwilini.

Kuna hali mbili za joto ambazo lazima zitofautishwe. Mtu aliyechoka kwa joto anatoka jasho jingi, ngozi yake ni baridi kidogo, kichwa kinazunguka, lakini anaongea vizuri. Mlaze kivulini, inua miguu yake, mpe maji yenye chumvi na sukari; ndani ya saa moja atapata nafuu. Aliyepigwa na joto anaongea ovyo, anayumba, au amezimia, na mwili wake unawaka, nyuzi 40 na zaidi. Huyu anaweza kufa kwa muda mfupi. Msimpe kitu mdomoni akiwa hana fahamu. Mvueni nguo, mwageni maji mwili mzima na mpepeeni bila kuacha, kwa kuwa upepo juu ya ngozi iliyolowa ndio unaoshusha joto. Hapo msihesabu maji. Akipoa, apelekwe hospitali hata kama anasema amepona.

Changarawe inaangusha watu kuliko mchanga

Wageni wengi huogopa matuta, lakini ajali mbaya hutokea kwenye njia pana, nyoofu, za changarawe, zile ambazo zinaonekana rahisi. Kutoka Walvis Bay kwenda Solitaire kwa barabara ya C14 ni zaidi ya kilomita 230 bila kituo cha mafuta, na kutoka Solitaire hadi Sesriem, lango la Sossusvlei, ni kilomita 80 na kitu. Serikali inapitisha greda, na njia ikiwa imetoka kuchongwa mtu anajikuta anakwenda 110 bila kujua. Juu ya udongo mgumu kuna vijiwe vidogo vya mviringo. Gari linaelea juu yake. Kwenye kona, au ukikwepa jiwe kwa ghafla, nyuma inateleza, dereva anakanyaga breki, gari linakwenda ubavu, tairi linakamata ukingo wa udongo, na gari linabiringika. Mara nyingi ni gari moja peke yake, mchana kweupe.

Mwendo usizidi 80, na 60 kwenye kona au mabonde. Nyuma ikianza kuteleza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukielekeza gari mbele, usiguse breki. Mkipishana na gari lingine, punguza mwendo na uwashe taa, kwani vumbi lake litakufumba macho kwa sekunde kadhaa na ndani ya vumbi hilo kunaweza kuwa na gari la pili. Msiendeshe usiku. Oriksi na kudu wanakuja barabarani jua linapozama, na kudu mmoja ana uzito wa kutosha kuingia na kioo cha mbele.

Kitu kingine kinawahusu madereva wetu hasa. Kongo tunakwenda kulia. Kuanzia Kasumbalesa hadi bahari ni kushoto. Mjini hakuna shida, magari mengine yanakukumbusha. Lakini baada ya saa mbili bila kuona gari, mkono wenyewe unarudi kulia, au katikati ambako njia ni laini zaidi, na mteremko unaofuata unaficha lori. Kila mnapokaribia kilele cha mlima, rudi kushoto kabisa, hata kama hamjaona mtu tangu asubuhi. Abiria wa mbele apewe kazi ya kulisema hilo kwa sauti.

Hewa ya matairi ndiyo inayoamua mengi. Kwenye lami Prado iliyobeba mizigo inataka bari 2.2 hadi 2.5, kama ilivyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Kwa changarawe shusha hadi 1.8 au 2.0: tairi linakuwa laini kidogo, linafunika jiwe badala ya kuchomwa nalo, na gari linashika njia vizuri. Kwa mchanga shusha hadi 1.2, ukikwama hadi 1.0. Chini ya 0.8 tairi linaweza kuvuka kingo za rimu na kutoka, na kulirudisha porini ni kazi ya nusu siku. Haya yanahitaji vitu viwili ambavyo usiende bila kuvijaribu nyumbani: kipimo cha hewa kinachosoma vizuri, na pampu ya umeme inayofungwa moja kwa moja kwenye batri. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara inaunguza fyuzi kwenye tairi la pili. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, sababu mchana joto linaongeza shinikizo na utatoa hewa ambayo jioni utaihitaji. Na ukishashusha hewa, mwendo ushuke pia. Tairi lenye bari 1.2 likikimbizwa 80 linajikunja pembeni, linapata moto, linapasuka.

Beba matairi mawili ya akiba. Moja halitoshi, maana likishatumika uko kilomita 150 kutoka kwa kwado huku huna kitu. Ongeza vifaa vya kuziba tundu kwa nje, na ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40 wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao huo jeki inazama mchangani na gari halinyanyuki hata sentimita moja.

Mawimbi ya njia yanalegeza kila kitu kilichofungwa kwa skrubu. Kila jioni, kabla ya kupika, zunguka gari: nati za magurudumu, vishikio vya batri, mabano ya shokamsoba, mfuniko wa filta ya hewa, kisha lala chini utazame kama kuna mafuta yanayotiririka. Baada ya mwaka wa mvua nzuri, nyasi kavu husimama kwenye tambarare na kurundikana chini ya gari, karibu na ekzosi. Magari yameungua kabisa kwa njia hiyo. Simama mara kwa mara uzitoe kwa mkono.

Kuhusu mafuta kanuni ni fupi: jaza kila unapoona pampu, hata tangi likiwa nusu. Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami linaweza kula 20 mchangani. Bidoni ya akiba ibaki na nafasi juu, kwa kuwa esanse hupanuka kwa joto, na isikae ndani mnamolala au kuketi.

Mchanga wenyewe

Kutoka Sesriem hadi karibu na Sossusvlei ni kilomita 60 za lami. Inaishia kwenye maegesho ya magari ya kawaida, kisha zinabaki kilomita 5 za mchanga mzito ambazo ni za gari lenye magurudumu manne yanayovuta. Kuna magari ya kubeba wageni kwa malipo kwenye kipande hicho, na asiyewahi kuendesha mchangani ayatumie bila aibu. Watu hukwama hapo kila siku, na wengi wao wana gari zuri lenye hewa nyingi mno kwenye matairi.

Kama unaendesha mwenyewe, simama kwenye udongo mgumu kabla ya mchanga. Shusha hewa. Ingiza gia ya magurudumu manne, nzito. Anza taratibu, kisha weka mwendo mmoja usiobadilika, ukifuata alama za magari yaliyotangulia. Kutaka kusimama, ondoa mguu kwenye mafuta uache gari lisimame lenyewe. Breki inajenga kilima cha mchanga mbele ya kila gurudumu, na kilima hicho ndicho kitakachokukatalia kuondoka. Simama mahali penye mteremko wa kushuka. Asubuhi mchanga ni baridi na umeshikamana. Saa sita mchana umelegea, na njia uliyoipita kwa urahisi unapokwenda inaweza kukushika unaporudi.

Gari likianza kuzama, acha mafuta mara moja. Kosa la kila mgeni ni kuongeza nguvu. Gurudumu linalozunguka bure linachimba, na ndani ya sekunde tano gari limekalia tumbo. Shukeni wote. Ondoeni mchanga mbele ya magurudumu yote manne na chini ya gari pale tumbo linapogusa, kwa sepeto na mikono. Shusheni hewa hadi bari 1.0. Wekeni mikeka ya gari au mbao mbele ya magurudumu, kisha jaribu kurudi nyuma kwanza kwenye alama zako mwenyewe, maana huko mchanga umeshakandamizwa. Mkivutwa na gari lingine, mtu yeyote asisimame karibu na kamba. Ikikatika inarudi kwa nguvu ya kuua. Ukitoka, usisimame mpaka udongo mgumu. Na kabla ya lami, rudisha hewa.

Usipande tuta usiloliona upande wa pili. Upepo hujenga upande mmoja kwa mteremko mpole na mwingine kwa ukuta wa kuporomoka. Hata hivyo ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft kuendesha nje ya njia kumekatazwa, na sababu inaonekana kwenye tambarare za changarawe karibu na pwani. Ardhi ile inaonekana tupu, lakini imefunikwa na kuvu-mwani unaoishi kwa ukungu na kukua polepole sana, na ndio unaoshikilia udongo. Gari likipita mara moja, alama zake hukaa miongo mingi. Vivyo hivyo kwa uchafu. Huku kwetu kitu kikizikwa mvua inakiozesha. Kule hakuna unyevu wa kuozesha. Karatasi ya chooni iliyoachwa leo wajukuu wataikuta. Chimba sentimita 20, karatasi rudi nayo kwenye mfuko.

Mito mikavu

Kuiseb, Swakop, Ugab, Hoanib: ni mito ya mchanga yenye miti mikubwa pembeni, na mgeni aliyechoka na jua huona hapo ndipo mahali pa kulala. Msilale ndani yake. Kati ya Januari na Machi mvua inaweza kunyesha milimani kilomita 200 mashariki, kwenu mbingu ni safi na nyota zinaonekana, na maji yakafika usiku kama ukuta wenye matope na magogo. Miezi mingine mito hiyo ni barabara ya wanyama. Hoanib hupita tembo na hata simba waliozoea jangwa. Pandeni kingo, mbali na njia zao. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Nge mwenye makoleo membamba na mkia mnene ndiye hatari zaidi. Mwenye makoleo makubwa na mkia mwembamba huuma lakini sumu yake ni ndogo.

Gari likikataa kabisa

Kabla ya kuondoka mjini, mtu mmoja abaki na karatasi: njia gani, mnalala wapi, mnatoka saa ngapi, na saa gani akianza kukosa habari apige simu. Namba ya polisi Namibia ni 10111, ila simu ya kawaida hukosa mtandao mara tu mji unapoisha, kwa hiyo simu ya setilaiti ya kukodi ni gharama yenye maana. Pakueni ramani zisizohitaji intaneti, na msiamini saa za kufika ambazo ramani inatoa; zimehesabiwa kwa mwendo ambao changarawe haikubali.

Ikishindikana, bakini na gari. Gari linaonekana kutoka angani na kutoka mbali. Mtu anayetembea haonekani. Wanaotafuta huanza na njia mliyoandika na hulikuta gari kwanza. Wanaokufa ni wale walioliacha gari likiwa na maji ndani, wakidhani wameona nyumba kilomita kumi mbele. Msikae ndani ya gari mchana, ni tanuri. Fungeni turubai ubavuni, likiwezekana mawili yenye nafasi ya kiganja katikati, na msikalie mchanga moja kwa moja kwani juu yake unaweza kufika nyuzi 60. Chimbeni kidogo au kalieni viti vilivyoondolewa garini. Kazi zote zingoje usiku. Mnywe mnapopata kiu. Watu wamekutwa wamekufa na maji kwenye chupa kwa sababu walikuwa wanayatunza. Kinachobanwa ni jasho: msitembee, msiongee ovyo, msivue nguo, ngozi nyeusi nayo huungua. Maji ya rejeta yana dawa ya kuzuia kutu ambayo ni sumu, msiyanywe.

Alama: kioo cha pembeni cha gari kinarusha mwanga kilomita nyingi. Herufi V kubwa iliyochorwa ardhini kwa mawe au nguo inaiambia ndege kwamba mnahitaji msaada. X, kwamba kuna mgonjwa. Tairi likichomwa hutoa moshi mweusi unaoonekana mbali, lakini toeni kwanza hewa yote na mlisogeze mbali na gari, kwa sababu lenye hewa hulipuka.

Karatasi na makatazo

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inatakiwa kwa anayetoka Kongo. Kadi ya njano ya bima ya COMESA inafanya kazi Zambia lakini si Namibia, ambako bima ya majeruhi wa barabarani inalipwa ndani ya bei ya mafuta, na gari la kigeni linalipia ada ya barabara mpakani, tunzeni risiti. Viza iulizwe ubalozini mapema. Kati ya Rundu na Grootfontein, pale Mururani, kuna kizuizi cha mifugo: nyama mbichi ya ng'ombe au mbuzi kutoka kaskazini haivuki kwenda kusini, kwa ajili ya kuzuia magonjwa ya wanyama. Nunueni nyama baada ya hapo.

Kusini, kuzunguka Lüderitz, kuna eneo lililofungwa tangu 1908, mwaka ambao mfanyakazi wa reli Zacharias Lewala aliokota almasi mchangani. Watu wa Katanga wanajua karé ya kampuni, yaani eneo la madini lililofungwa, ni nini. Hii ni karé kubwa kuliko mnayoijua. Msiingie bila kibali na mwongozaji, na msiokote jiwe lolote, hata la kupendeza watoto.

Mkirudi Walvis Bay au Windhoek, kabla ya kuelekea kaskazini: osheni gari chini kwa maji mengi, kwani chumvi ya pwani hula chuma, badilisheni filta ya hewa, kazeni tena nati za magurudumu, rudisheni matairi kwenye bari 2.2 au 2.5. Zimebaki kilomita zaidi ya 2,000 za lami na malori hadi Kasumbalesa, na tairi lililojeruhiwa na mawe ya C14 mara nyingi hupasukia huko.